Daftari la Kampuni ya Jamaa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi ni karani wa parokia, na neno hilo nimeliamini tangu siku nilipokabidhiwa kitabu cha ubatizo na kalamu. Lakini mwaka jana nilijifunza jambo la pili ambalo wahenga hawakunifundisha: mtu naye aweza kupotea ndani ya daftari, tena kwa mwandiko mzuri. Nataka nikusimulie ilivyokuwa, kwa maana najua jamaa nyingi siku hizi wamo katika shauri kama letu.

Kwetu ni Bonga, kusini ya mji wa Babati, kando ya barabara kuu iendayo Kondoa na Dodoma. Zamani shamba la kando ya barabara lilikuwa shamba kama mengine. Ulilima mahindi, mbaazi na alizeti, na vumbi la magari lilikuwa taabu yako mwenyewe. Kisha ikaja lami. Mwaka 2018 barabara ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa rasmi, na tangu hapo watu walianza kutazama mashamba yetu kwa macho mengine. Bonga ni kata ya Mji wa Babati, na mji haukai mahali pamoja. Leo ukikaa barazani jioni, mgeni wa kwanza kukusalimu huenda akawa dalali.

Marehemu baba yetu alituachia ekari 14. Tuko ndugu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, na mama yetu yu hai. Basi mwaka jana, baada ya mavuno ya mbaazi, kaka yetu mkubwa alikuja kutoka Arusha akatukusanya sote chini ya mparachichi. Alisema hivi:

“Tukiuza ekari moja moja kwa madalali, tutakula fedha mwezi mmoja, kisha tutabaki kutazamana. Jirani zetu wamefanya hivyo, nanyi mmewaona. Tuunde kampuni ya jamaa. Tuite mpima, tukate barabara, tuache mahali pa watoto kuchezea, ndipo tuuze viwanja kimoja kimoja kwa watu watakaojenga. Jina liwe la baba. Kila mmoja wetu awe na hisa.”

Maneno hayo yalikuwa mazuri, na mpaka leo nasema yalikuwa mazuri. Kaka yangu si mtu mchoyo. Yeye ndiye aliyenilipia karo chuo cha ualimu, na nilipomaliza nikakosa nafasi ya kufundisha, yeye ndiye aliyeniambia nisione haya kuomba kazi ya ukarani parokiani. Tulikubali kwa furaha. Mimi, kwa kuwa nimezoea kalamu, nikachaguliwa kuwa mwandishi wa kampuni. Nikanunua daftari jipya lenye jalada gumu.

Baada ya wiki mbili mpima alikuja na vijana wake. Walipima siku mbili kwa jua kali. Katika pembe ya chini ya shamba, karibu na kisima, anakaa mama mmoja mzee ambaye sisi sote humwita Bibi wa Kisimani. Si jamaa yetu kwa damu. Mume wake alitoka upande wa Kondoa akiwa kijana, akafanya kazi pamoja na baba ya kung’oa visiki shamba lilipokuwa bado pori. Baba akamwonyesha ile pembe akamwambia, “Kaa hapa.” Alikaa, akaoa, akazaa, akafa, akazikwa. Bibi amebaki na mjukuu mmoja yatima aliye darasa la sita. Siku zile mbili za kupima, yeye ndiye aliyewaletea wapimaji maji ya kunywa, na siku ya pili aliwaletea uji.

Ramani ilipokuja ilikuwa safi sana: viwanja 58, kila kimoja na namba yake, na barabara pana katikati iliyonyooka kama rula. Nilitafuta kisima nikakiona. Nilitafuta nyumba ya mama nikaiona. Nyumba ya Bibi sikuiona. Nilipotazama vizuri, nikatambua kwamba barabara imepita juu yake.

Nikamwonyesha kaka. Alinyamaza kidogo, akasema, “Hana jina katika karatasi yo yote. Tutampa kitu cha kumsaidia, aende kwa watu wake. Wewe andika.”

Nami nikaandika. Niliandika hivi, na nalikumbuka kila neno: “Eneo lote ni tupu isipokuwa nyumba ya mama.” Nikatia tarehe, nikatia sahihi, nikafunga daftari.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikakumbuka safari yangu ya Nairobi.

Mwezi wa Novemba mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko alipozuru Kenya, sisi vijana tulipata basi tukaenda kuhudhuria Misa yake pale Nairobi. Siku iliyofuata nilikwenda kumsalimu binamu yangu aliyekuwa mtunza bustani katika mtaa uitwao Karen. Sijapata kuona mtaa kama ule: miti mikubwa, ua mrefu wa michongoma, na ndani ya kila ua shamba zima la majani yaliyokatwa kama zulia, na nyumba mbali nyuma ya miti. Nikamwuliza binamu, “Huyu Karen ni nani?” Akanijibu, “Hapa palikuwa shamba la kahawa la kampuni ya jamaa fulani wa Ulaya. Kahawa ilishindwa, wakauza, likakatwa viwanja.” Tangu siku ile habari hiyo ilinikaa moyoni, na baadaye nilipata kuisoma vitabuni. Yafaa nikueleze kwa kifupi, kwa maana inatuhusu kuliko unavyodhani.

Mwaka 1913 Msweden mmoja, Bror Blixen, alinunua shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong kutoka kwa Msweden mwenziwe, Åke Sjögren. Fedha zilitoka kwa jamaa za mchumba wake, Karen Dinesen wa Denmark. Karen alisafiri kwa meli mpaka Mombasa, na wakafunga ndoa huko tarehe 14 Januari 1914. Mwaka 1916 jamaa waliunda kampuni, wakaiita Karen Coffee Company. Mwenyekiti alikuwa mjomba wa bibi huyo, Aage Westenholz, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi nchi ya Siam, ambayo leo huitwa Thailand. Wenye hisa wengi walikuwa ndugu na jamaa waliokaa Denmark. Basi wenye mali walikuwa Ulaya, na mali ilikuwa Ngong. Habari zilikwenda na kurudi kwa barua za meli.

Shamba lilikuwa na ekari elfu kadhaa, na kahawa ilipandwa katika ekari kama 600. Lakini mahali pale ni juu sana, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Baridi ni nyingi, na mvua haiaminiki. Kahawa ilistawi nusu nusu. Wewe mkulima unajua jambo hilo bila kufundishwa: kama udongo na hewa havikutaki, jembe halitakusaidia. Tena mkahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri, hivyo mtu hutumia fedha nyingi kabla ya kujua kama amekosea.

Mwaka 1921 mjomba alikuja mwenyewe kutazama. Akamwondoa Bror katika usimamizi, akamweka Karen. Ndugu yake Karen, Thomas, alikaa shambani muda akimsaidia. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua. Mwaka 1925 ndoa ya Karen na Bror ikavunjika. Fedha ziliombwa Denmark, zikaja, zikaliwa na shamba, zikaombwa tena. Yalipofika matatizo ya dunia ya mwaka 1929, bei ya kahawa ilianguka, na jamaa wale hawakuweza tena. Mapema mwaka 1931 shamba liliuzwa kwa mfanya biashara wa Nairobi aliyeitwa Remi Martin. Yeye hakutaka kahawa hata kidogo. Alikata shamba katika viwanja vya ekari 20, awauzie watu waliotaka kukaa karibu na mji wenye nafasi na hewa safi. Hivyo ndivyo mtaa wa Karen ulivyozaliwa.

Mpaka hapo, msomaji, ni hadithi ya hasara na faida, na hadithi kama hizo ni nyingi. Lakini liko jambo jingine. Juu ya shamba lile waliishi watu, wengi wao Wakikuyu, na jamaa zao na mifugo yao. Kwa sheria ya wakoloni waliitwa maskwota, kana kwamba wao ndio wageni, hali wengine walikuwa wamekaa katika ardhi ile kabla ya mzungu ye yote kuiona. Ili waruhusiwe kulima vipande vyao, iliwapasa kumfanyia kazi mwenye shamba siku 180 kwa mwaka. Shamba lilipouzwa, waliambiwa waondoke.

Fikiri kidogo. Katika daftari za kampuni ile watu hao walikuwamo, lakini walikuwamo kama siku za kazi: siku 180, na 180, na 180. Mikahawa ilihesabiwa, deni lilihesabiwa, magunia yalihesabiwa. Ila swali la watu hawa watakwenda wapi siku ya kuuza, hilo halikuwa na ukurasa wake.

Wazee wao walimwendea Karen, wakamwomba jambo moja: kama ni lazima kuondoka, wasitawanywe, bali wapewe mahali watakapokaa pamoja, wajuane kama walivyojuana. Bibi huyo, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amefilisika na kufunga virago, alikwenda ofisi hata ofisi mpaka kwa Gavana. Mwishowe Serikali ilikubali kuwapa sehemu katika msitu wa Dagoretti. Mwaka ule ule wa 1931 aliondoka, wala hakurudi Afrika tena. Mwaka 1937 alitoa kitabu juu ya maisha yake ya huko, kikajulikana dunia nzima. Nyumba yake ilinunuliwa na Serikali ya Denmark, ikapewa Kenya kuwa zawadi ya uhuru mwaka 1964, na tangu mwaka 1986 ni makumbusho.

Sisemi haya ili kumsifu kupita kiasi. Watu wale walipewa kama fadhili kitu ambacho kwa haki kilikuwa chao. Ila nasema hivi: katika jamaa ile yote yenye hisa, ni mmoja aliyekwenda kuuliza, “Na hawa je?” Tena aliuliza siku ya mwisho, wakati shamba limekwisha kuuzwa, naye hana tena nguvu ya kuamua.

Labda utasema, “Hao walikuwa wakoloni, nasi hatufanani nao.” Haya, nikupe habari ya jamaa wengine, wa Marekani, ambao walikuwa hodari kweli wa kujenga, na hawakupata hasara.

Mjini New York palikuwa na mwanasheria jina lake Abraham Levitt, Myahudi, mtoto wa watu waliohamia Marekani. Mwaka 1929 alianza kampuni ya kujenga nyumba pamoja na wanawe wawili, William na Alfred. Wakaiita Levitt na Wana. Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Baba alipenda bustani na miti, Alfred alichora nyumba, na William alisimamia fedha na kuuza. Baada ya vita kuu ya pili askari walirudi kwao kwa maelfu wakakosa mahali pa kukaa na wake zao. Mwaka 1947 jamaa hao walianza kujenga juu ya mashamba ya viazi huko Long Island. Waligawa kazi ya nyumba moja katika hatua zaidi ya 20. Kundi moja lilimwaga sakafu, jingine lilisimamisha mbao, jingine lilipaka rangi tu, kisha likaenda nyumba ya jirani. Siku za kazi kali walimaliza nyumba 30 na zaidi kwa siku moja. Kufika mwaka 1951 walikuwa wamejenga nyumba 17,447. Mji huo huitwa Levittown mpaka leo. Kulikuwa na shule na maduka, na kila nyumba ilipandiwa miti. Tena kulikuwa na masharti: majani yakatwe, ua usijengwe, na nguo zisianikwe nje mwisho wa juma. Watu wa kipato cha kawaida walipata nyumba yao ya kwanza, nao waliwashukuru sana jamaa wale. Kazi kubwa, wala siwezi kuidharau.

Lakini katika mapatano ya kwanza palikuwa na kifungu kimoja: nyumba zisikaliwe na mtu asiye mzungu, isipokuwa awe mtumishi wa nyumbani. Askari mweusi aliyepigana vita ile ile alifungiwa mlango. Mwaka 1948 mahakama kuu ya Marekani iliamua kwamba mapatano ya namna hiyo hayawezi kulindwa na mahakama, na kampuni ikakifuta kifungu. Hata hivyo iliendelea kukataa kuwauzia watu weusi. Mwaka 1957, jamaa wa kwanza weusi walipohamia katika Levittown nyingine, iliyoko Pennsylvania, watu walikusanyika nje ya nyumba yao siku nyingi, wakipiga kelele na kurusha mawe. Na waliojenga mji huo ni Wayahudi, watu ambao wenyewe walikuwa wamefungiwa milango mingi.

Na kampuni yenyewe je? Alfred aliondoka mwaka 1954. Mzee Abraham alifariki mwaka 1962. Mwaka 1968 William aliiuza kwa kampuni kubwa ya simu kwa dola milioni 92, zilizolipwa kwa hisa. Hisa zile zilishuka thamani, na miradi yake ya baadaye ikaanguka. Alifariki mwaka 1994, utajiri ule umekwisha. Jamaa hawa walihesabu kila ubao na kila msumari, na palipofika suala la nani atahesabiwa kuwa jirani, waliacha nusu ya ukurasa wazi.

Usiku ule, ndugu msomaji, niliziona habari hizi mbili zikikutana katika mstari mmoja wa mwandiko wangu: “Eneo lote ni tupu.” Nilitambua kwamba sikuwa nimeamriwa kusema uongo. Kaka aliniambia niandike tu. Neno “tupu” nililichagua mwenyewe, kwa sababu lilirahisisha kazi.

Asubuhi nilimwendea mama nikamweleza. Mama hakukasirika. Aliendelea kupepeta maharage yake, kisha akasema, “Baba yako alimpa mume wake pembe ile mbele yangu, tena mbele ya mzee wa jirani. Hakuwa na karatasi kwa sababu hata sisi hatukuwa na karatasi. Je, sisi tulikuwa watu tupu?”

Nikaomba mkutano wa pili. Nilisimama nikasoma daftari kwa sauti, na nilipofika kwenye mstari ule nikasema, “Hapa niliandika jambo lisilo kweli, naomba tulisahihishe.” Kaka aliniangalia kwa ukali. Alisema, nami naandika hoja zake kwa haki, kwa maana hazikuwa za kipumbavu: “Ukimpa huyu leo, kesho watakuja kumi, kila mmoja na hadithi yake ya baba. Tena barabara ikipinda tunapoteza viwanja viwili au vitatu. Fedha hizo ni za watoto wetu. Na mnunuzi anataka hati safi, hataki maneno ya zamani.”

Dada yetu wa pili akajibu, “Kaka, ndiyo sababu tumwandike sasa. Maneno ya zamani yasipoandikwa ndiyo yaletayo kesi. Tena mimi nina swali langu. Umesema kila mmoja wetu atakuwa na hisa. Mbona katika karatasi ya kwanza nimeona majina ya wanaume watatu tu?”

Kukawa kimya. Kumbe nilikuwa nimeacha na wengine! Niliandika majina matatu kwa mazoea tu, kwa kuwa ndiyo yaliyosemwa kwanza. Na sheria ya ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba haki ya mwanamke juu ya ardhi ni sawa na ya mwanamume. Niliona haya mpaka masikioni. Nikaandika majina yote sita, na la mama juu.

Kisha mama akasema twende tukaone. Tulishuka sote mpaka kisimani na kamba ya kupimia. Tulimkuta Bibi akichambua mboga. Kaka mwenyewe, nampongeza kwa hilo, ndiye aliyeanza kumweleza. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Tangu siku ile ya wapimaji nilijua nitaambiwa. Nilikuwa nangojea tu kuona ni nani atakayekuja.” Kisha akauliza swali moja tu, nalo halikuhusu nyumba yake: “Je, kisima mtakizungushia ua?”

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiri jambo hilo. Kisima kilikuwa ndani ya kiwanja namba 31, na mtu atakayenunua angeweza kukifunga. Nyumba kama tisa za jirani huteka maji pale.

Sasa nikueleze tulipofika. Mpima alirudi, akapindisha barabara kidogo chini ya mteremko. Tumepoteza viwanja viwili kwa ajili ya barabara, na kiwanja cha kisima kimetengwa kuwa mahali pa wote. Bibi amepata kiwanja chake, kimewekewa mawe ya mipaka, na jina lake limeandikwa. Kaka alikubali kwa sharti moja: gharama za hati ya Bibi zitoke katika fungu langu. “Wewe ndiwe uliyesahihisha,” alisema, “basi lipia wino.” Nimekubali. Si fedha kidogo kwa karani, na mke wangu alininunia siku mbili. Kampuni yenyewe bado haijaandikishwa, na ramani mpya iko ofisini inangoja kupitishwa. Huenda tukafanikiwa, huenda tukashindwa kama wale wa kahawa. Tena kaka na mimi bado hatujarudia kucheka pamoja kama zamani. Nayasema haya ili usidhani kwamba kusema kweli hakuna bei.

Lakini ukiwa nawe una shamba la urithi kando ya barabara, na watoto wako wanazungumza habari za kampuni na viwanja, usiogope. Kuungana ni bora kuliko kuuza kipande kipande gizani. Ila kabla ya kutia sahihi, fanyeni mambo manne.

Kwanza, ulizeni kama ardhi yenu inafaa kwa kazi mnayoitaka, na anayejua asione haya kusema haifai, hata kama jamaa wamekwisha kutoa fedha. Pili, andikeni majina ya wote wenye haki, wanawake na walio mbali, wala msiandike kwa mazoea. Tatu, tembeeni shambani kwa miguu yenu mkiwa na ramani mkononi, na kila nyumba, kila kaburi, kila njia na kila kisima mkitafute katika karatasi. Mkikosa kukiona, msidhani hakipo. Nne, mwite yule asiye na karatasi aketi nanyi siku ya kwanza, kabla ramani haijakauka, na msingoje mpaka siku ya mwisho.

Daftari langu la jalada gumu linakaa juu ya kabati. Mstari ule wa kwanza sikuufuta. Nimeukata kwa mstari mmoja mwekundu ili uendelee kusomeka, na chini yake nimeandika: “Si kweli. Anakaa mtu hapa.” Watoto wetu watakapolifungua siku moja, nataka wauone.